Mwanangu, Usimhukumu Kocha kwa Goli Moja

Mwanangu, timu yako ikitolewa Ulaya nakuona unavyokuwa. Hulali. Unashika simu mpaka alfajiri. Asubuhi macho mekundu, chai huigusi, na neno la kwanza linalokutoka ni kwamba kocha afukuzwe. Sikulaumu kwa kuumia. Mtu asiyeumia timu yake ikifungwa, huyo hajaipenda. Lakini leo kaa nami kidogo, tulizungumze hilo neno lako la kwanza.

Mimi ni mzee wa Manchester United. Wewe ulimchagua jirani yangu, Manchester City, wala sikukukataza. Mapenzi ya timu hayalazimishwi. Kwa hiyo leo nitazungumza nawe habari za timu yako na za Pep Guardiola, maana hakuna kocha niliyesikia akihukumiwa na vijana wa rika lako mara nyingi kama yeye.

Ninalokuomba ni jambo moja. Ukitaka kumhukumu kocha, tazama alichokijua kabla mpira haujaanza, kisha tazama timu ilifanya nini uwanjani. Matokeo yasikuamulie peke yake. Ukilishika hilo utabishana vizuri zaidi na wenzako. Nalo litakufaa hata siku usiyokuwa na habari na mpira.

Guardiola alifika City mwaka 2016. Alikuwa ameshabeba Kombe la Ulaya, yaani Ligi ya Mabingwa, mara mbili akiwa na Barcelona, 2009 na 2011. Watu wa City walitaka awaletee hilohilo. Mwaka 2017 wakatolewa na Monaco kwa magoli ya ugenini. Mwaka 2018 wakatolewa na Liverpool. Mwaka 2019 wakatolewa na Tottenham, usiku ule ambao Sterling alifunga dakika za majeruhi, watu wakakumbatiana, kisha VAR ikasema Agüero alikuwa ameotea. Kila mara maneno yalikuwa yaleyale: huyu anafikiri kupita kiasi, anajifanya mjuzi, mechi kubwa zikifika anabadilisha mambo ambayo hayakuwa na tatizo.

Nataka tukae kwenye miaka mitatu iliyofuata. Ndiyo iliyonifundisha.

Agosti 2020, Lisbon. Robo fainali ya mechi moja tu kwa sababu ya korona, uwanja hauna watazamaji. City na Lyon. Guardiola akapanga mabeki wa kati watatu: Fernandinho, Eric García na Laporte. Benchi wakakaa Mahrez, Bernardo Silva, David Silva na Foden. Cornet akaifungia Lyon kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Mahrez akaingia, Fernandinho akatoka, De Bruyne akasawazisha. Moussa Dembélé akafunga la pili. Zikiwa zimebaki dakika chache Sterling akapata mpira mbele ya goli lililo wazi, akaupaisha. Muda si muda Dembélé akafunga la tatu.

Mei 2021, Porto. Fainali na Chelsea. Rodri yuko benchi. Fernandinho yuko benchi. Karibu kila mechi ya msimu ule mmoja wao alianza, lakini usiku ule namba sita alikuwa Gündogan, mtu aliyekuwa akisogea mbele na kufunga mwaka mzima. Chelsea wakashinda 1-0.

Mei 2022, Madrid. Nusu fainali na Real Madrid, mechi ya pili. City wanaongoza magoli matano kwa matatu ukijumlisha mechi zote mbili, na saa inakaribia dakika ya 90. Grealish amepiga mpira ambao beki Ferland Mendy ameuokoa kwenye mstari. Halafu Rodrygo akafunga. Dakika iliyofuata akafunga tena. Kwenye muda wa nyongeza Benzema akapiga penalti, na City wakaenda nyumbani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Hizo ni mechi tatu zilizopotea kwa namna tatu. Lisbon mfumo ulikuwa mzito na mshambuliaji akakosa goli la wazi. Porto katikati palikuwa wazi, na timu haikutengeneza nafasi za kutosha. Madrid mpango ulifanya kazi karibu mechi nzima, kisha ukaja ule upepo wa dakika mbili ambao Real Madrid wameshawapulizia wengi. Lakini baada ya kila mechi nilisikia hukumu moja, kwa sauti moja: kocha amezidisha mbinu. Tumekuwa kama mganga anayempa kila mgonjwa dawa ileile, mwenye homa na aliyevunjika mguu.

Ukiniuliza kama Guardiola alikosea Porto, nitakujibu kwamba naona alikosea. Lakini nataka ujue alikosea wapi, na kwa nini.

Usiku ule tulikuwa kibanda umiza cha mtaani kwetu. Mechi ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Baada ya filimbi ya mwisho pakawa na kelele, kila mtu kocha. Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, akaokota vizibo vya soda chini ya mabenchi. Akavipanga mezani, vya Fanta upande huu, vya Coca-Cola upande ule. Vijana wakamzunguka.

Akawaambia turudi dakika ya 42. Akakishika kizibo kimoja: huyu ni Mendy, kipa wa Chelsea, mpira anao, anampa Chilwell kushoto. Chilwell anampa Mount. Hapo akaacha kidogo, akashika kizibo kingine, Timo Werner, akakisogeza pembeni polepole. Pamoja nacho akakisogeza kizibo cha Rúben Dias. Mnaona? Werner hakuugusa mpira, lakini amemvuta beki. Pale Dias alipotoka, pakabaki mlango. Mount akapiga pasi ya kupenyeza, Havertz akapita, akamzunguka Ederson, akafunga.

Kijana mmoja akaruka: si ndiyo tunasema, Rodri angekuwepo angeziba pale! Fundi akamtazama, akamsogezea kizibo. Haya, huyu ndiye Rodri, mwingize. Unamtoa nani?

Kijana akanyamaza. Akamtaja Sterling. Mwenzake akakataa, akasema Zinchenko. Wa tatu akasema Mahrez. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na wote walikuwa upande mmoja dakika moja tu iliyopita.

Swali lile la fundi nimelibeba mpaka leo, nami nakupa wewe. Ukisema fulani angeanza, mtaje na wa kumtoa. Uwanjani ni watu kumi na moja. Kila jina unaloliongeza lina mtu wa kumpisha, na huyo anayepisha ana kazi aliyokuwa akiifanya. Kocha hulijibu swali hilo kabla ya mechi. Sisi hulijibu baada ya mechi, tena nusu yake tu.

Halafu uliza: alijua nini? Thomas Tuchel aliichukua Chelsea Januari 2021. Aprili akaifunga City 1-0 nusu fainali ya Kombe la FA. Mwanzoni mwa Mei akaifunga tena 2-1 kwenye ligi, kulekule Manchester. Mara mbili ndani ya wiki chache. Chelsea wakijilinda, mabeki watano wanakaa nyuma na Kanté anazunguka mbele yao. Kocha aliyefungwa mara mbili na ukuta ule angefanya nini? Akaamua kuongeza watu wa kuchezea mpira, wa kuufungua ule ukuta. Hilo lilikuwa wazo la mtu mwenye sababu. Likashindwa, kwa sababu kila City walipopoteza mpira hapakuwa na mtu wa kuwachelewesha Chelsea. Na kipindi cha pili De Bruyne akaumia uso, akatoka akilia.

Lisbon vilevile. Lyon walikuwa wametoka kuwatoa Juventus. Walicheza na mabeki watatu na washambuliaji wepesi wa kukimbia. Guardiola akawapangia mabeki watatu ili asikimbizwe. Alipomtoa beki mmoja na kumwingiza Mahrez, timu ikafunguka. Unaweza kusema angeanza hivyo, na ukisema hivyo nitakuunga mkono. Lakini ukisahau goli la wazi alilokosa Sterling, ukampa kocha mzigo wote, hapo hujasema kweli yote. Lile lingeingia ingekuwa mbili kwa mbili, na pengine tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Kwa hiyo mwanangu, mechi ikiisha jiulize maswali machache kabla hujafungua kinywa. Kocha alijua nini juu ya mpinzani? Alikuwa na nani, na nani alikuwa majeruhi au amefungiwa? Mpango wake ulizaa nafasi, au haukuzaa? Mpango uliozaa nafasi na zikakosekana una lawama yake. Mpango ambao haukuzaa kitu una lawama nyingine. Usivichanganye.

Na usiyajibu maswali hayo usiku uleule. Itazame mechi tena kesho yake au keshokutwa, hasira zikiwa zimetulia. Najua una haraka. Dunia yenu inataka maoni yako kabla wachezaji hawajafika chumba cha kubadilishia nguo. Lakini ukiitazama tena, huku unajua mwisho wake, macho yanaacha kuufuata mpira. Unaanza kumwona Werner anavyokimbia bila mpira. Unaanza kuona beki wa pembeni aliyepanda na hakurudi. Hapo ndipo mpira unapoanza kukufundisha kitu.

Nikupe mfano wa timu yangu, nilioushuhudia mwenyewe.

Alex Ferguson alikaa na United tangu Novemba 1986. Kwenye Kombe la Ulaya alitolewa na Galatasaray mwaka 1993. Mwaka 1997 Dortmund walimtoa nusu fainali, wakamfunga 1-0 huku na 1-0 kule. Kocha wa Dortmund aliitwa Ottmar Hitzfeld. Mwaka 1998 Monaco wakamtoa kwa goli la ugenini. Wakati ule nasi tulikuwa na neno letu: huyu mzee ni wa Uingereza tu, Ulaya haiwezi.

Ikaja fainali ya tarehe 26 Mei 1999, Barcelona. United na Bayern Munich, na upande wa pili amekaa yuleyule Hitzfeld. Roy Keane na Paul Scholes hawapo, kadi ziliwafungia. Viungo wawili wa kati wameondoka kwa mpigo. Ferguson akamtoa David Beckham winga ya kulia, akamweka katikati pamoja na Nicky Butt. Ryan Giggs akapelekwa kulia, mahali asipopazoea. Blomqvist akachezeshwa kushoto.

Dakika ya sita Basler akafunga kwa mpira wa adhabu. Mpaka mapumziko United hawana kitu. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, na nakwambia hakuna aliyemwacha Ferguson salama. Nami nilikuwamo. Nilisema, tena kwa sauti, kwamba mtu anayemtoa winga bora wa krosi pembeni akamweka katikati hajui anachofanya. Nilikuwa na uhakika kama vile mimi ndiye niliyewafundisha wale vijana tangu wakiwa wadogo.

Kipindi cha pili Scholl akagonga mwamba. Jancker akapiga tikitaka, mpira ukagonga mtambaa panya. Ingekuwa mbili au tatu. Wakati huo Ferguson alikuwa ameshawaingiza Sheringham na Solskjær. Dakika za majeruhi kona ya kwanza, Sheringham akafunga. Kona ya pili, Sheringham akaupiga kichwa, Solskjær akamalizia. Aliyepiga kona zote mbili ni Beckham.

Pale sebuleni hukumu ikageuka palepale. Waliomwita mjinga wakamwita fundi. Mimi pia. Lakini jiulize, mwanangu: mpango wa Ferguson ulibadilika nini kati ya dakika ya 84 na dakika ya 93? Wachezaji walikuwa walewale wakati ule wa lawama, na walewale wakati wa sifa. Mpira wa Jancker ungeshuka kidogo tu, sote tungelala na ile hukumu ya mwanzo, na mpaka leo tungekuwa tunasimulia jinsi Ferguson alivyoiharibu fainali. Siku ile ndipo nilipoanza kuziogopa hukumu zangu mwenyewe.

Na Hitzfeld? Alikuwa amemtoa Matthäus dakika ya 80, akiwa anaongoza. Baada ya mechi wengi walimlaumu kwa hilo. Bayern hawakumfukuza. Mwaka 2001 akawapa Kombe la Ulaya, wakaifunga Valencia kwa penalti.

Turudi kwa makocha wa ile fainali ya Porto, maana kisa hakikuishia pale. Tuchel, yule aliyeshinda, alifukuzwa na Chelsea tarehe 7 Septemba 2022. Siku moja kabla yake alikuwa amefungwa 1-0 na Dinamo Zagreb kwenye Ligi ya Mabingwa. Miezi kumi na mitano tu tangu anyanyue kombe. Akaja Graham Potter, naye hakumaliza msimu. Akarudishwa Frank Lampard. Chelsea wakamaliza ligi nafasi ya 12.

Guardiola, aliyeshindwa, akabaki. Akabaki baada ya Porto, akabaki baada ya Madrid. Msimu wa 2022/23 akakutana tena na Real Madrid nusu fainali, na kwenye mechi ya pili akawafunga 4-0. Tarehe 10 Juni 2023 akaingia fainali ya Istanbul dhidi ya Inter Milan. Safari hii Rodri alianza. De Bruyne aliumia tena na kutoka kipindi cha kwanza. Dakika ya 68 Akanji akapenyeza mpira kwa Bernardo Silva pembeni, Bernardo akaurudisha nyuma, ukagonga mtu, ukaangukia njia ya Rodri. Akaupiga mara moja, ukapita katikati ya watu mpaka wavuni. Yuleyule aliyekaa benchi Porto. City wakachukua Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza, na kwa msimu ule wakakamilisha matatu: ligi, FA na Ulaya.

Najua unachotaka kuniambia, maana wewe ni mwerevu. Utasema: baba, nawe unahukumu kwa matokeo, unasifu uvumilivu kwa sababu City walishinda. Ni kweli, ningeishia hapo ungekuwa umenishika. Kwa hiyo tusiishie kwenye goli la Rodri. Muda mfupi baadaye Dimarco alipiga kichwa kikagonga mtambaa panya, mpira ukamrudia, akapiga tena, ukamgonga Lukaku, mchezaji mwenzake. Dakika ya 88 Lukaku akapata kichwa akiwa hatua chache tu kutoka golini. Mpira ukamgonga Ederson mguuni, ukatoka. Angepiga kulia kidogo au kushoto kidogo, ingekuwa 1-1, na Mungu ndiye ajuaye ambacho kingefuata.

Je, City wangefungwa usiku ule, miaka saba ya kazi ya Guardiola ingekuwa bure? Mazoezi ya kila siku yangekuwa bure? John Stones, beki aliyefundishwa kupanda na kuwa kiungo, angekuwa hajajifunza kitu? Hapana. Kazi ingekuwa nzuri vilevile, na watu wangeitukana. Nasifu uvumilivu kwa sababu humwezesha mtu kuendelea na kazi nzuri hata kombe lisipokuja. Kombe likija, Alhamdulillahi. Wapo waliofanya kazi nzuri na hawakulipata kamwe, nao wanastahili heshima.

Kuna mambo mawili yanayoyaharibu macho yako, niyaseme upesi.

La kwanza ni mkeka wa kubeti. Nimekwambia mara nyingi, na nitakwambia tena. Mtu aliyeweka pesa yake ya kula kwenye mechi hamtazami kocha, anaitazama pesa yake. Mkeka ukichanika, kila mabadiliko ya kocha yanakuwa wizi. Ukitaka kuupenda mpira na kuuelewa, uache uwe mpira.

La pili ni matusi. Mabishano ya mbinu huanza vizuri, kisha mtu hukosa hoja na kushika jina la mtu, la mama yake, la rangi yake. Unakumbuka fainali ya Euro, Julai 2021, England na Italia. Southgate aliwaingiza Rashford na Sancho mwishoni kabisa ili wapige penalti. Wote wawili wakakosa. Saka naye akakosa, kijana wa miaka 19. Kulikuwa na swali halali la mbinu pale: ni sawa kumpa penalti mtu aliyeingia muda mfupi tu uliopita, na ni sawa kumwachia kijana yule mkwaju wa mwisho? Lakini watu hawakuishia kwenye swali. Wakawamwagia vijana wale watatu matusi ya ubaguzi. Nawe ukiwa umekasirika, simu mkononi, usiku mkubwa, chunga mkono wako. Hasira itaisha asubuhi. Neno uliloliandika litabaki na mtu aliyelisoma.

Wala sisemi kila kocha avumiliwe daima. Wapo wanaoshindwa kazi, na wapo wanaofika mahali wachezaji hawawasikilizi tena. Ukiona timu haiendi mbele mwezi baada ya mwezi, kosa lilelile linarudi na hakuna dalili ya kulitibu, sema wazi. Huku kwetu pia tunahitaji watu wa kusema hivyo kwa hoja. Makocha wetu huja na kuondoka upesi mno, na mara nyingi husikii sababu yoyote zaidi ya matokeo ya Jumamosi. Msimamo wa shabiki anayejua anachokisema una uzito. Wa shabiki anayelia kila akifungwa hauna.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuweka hapa muda wote huu kwa habari za mpira wa Wazungu.

Wewe ni kijana. Karibu utaanza kupanga vikosi vyako mwenyewe. Utaomba kazi, utaanza biashara, utachagua mwenza, utasomesha. Kuna siku utafikiri vizuri, utauliza wanaojua, utafanya kila kitu inavyotakiwa, na bado utafungwa dakika ya 90. Siku hiyo watu watakuambia ulikuwa mjinga tangu mwanzo. Kibaya zaidi, utawaamini. Utatupa mpango mzuri kwa sababu ya goli moja. Nimewaona vijana wengi wakifanya hivyo: duka likiyumba miezi ya mwanzo wanalifunga, mtihani mmoja ukiwagomea wanaiacha shule.

Na kuna siku utafanya jambo la ovyo, litafanikiwa. Hiyo ni hatari kuliko ile ya kwanza. Utasifiwa, utalirudia, na mara ya pili halitakuwa na huruma nawe. Aliyeshinda kwa bahati anapaswa kuitazama mechi yake tena sawasawa na aliyeshindwa.

Kwa hiyo jizoeze sasa, kwa Guardiola, maana kwake kukosea hakukugharimu kitu. Ukishajua kumtendea haki kocha wa mbali usiyemjua, utajua kumtendea haki mwalimu wako, bosi wako, mdogo wako, na wewe mwenyewe.

Kesho utakutana na wenzako, na najua watakuwa wanawaka. Usiwazime. Kubishana ni nusu ya raha ya mpira, na mimi sitaki uwe kijana mkimya asiye na upande. Bishana, mwanangu. Lakini kabla hujamfukuza kocha, mtaje mchezaji unayemwingiza, mtaje unayemtoa, na useme ungeyajuaje hayo kabla ya filimbi ya kwanza. Ukiweza kuyajibu hayo matatu, njoo unieleze na mimi. Nitakusikiliza mpaka mwisho, hata kama itanibidi nikubali kwamba umemwona kocha kuliko nilivyomwona mimi.